Sungura Wasioijua Pareto

Sungura ana mshipa sikioni ambao huuoni mpaka umsogeze karibu na dirisha. Mwanga ukipita nyuma ya sikio, mshipa unajitokeza kama mto kwenye ramani ya shule, na ukilikanda sikio kwa kitambaa cha maji moto, mto unafura. Hapo ndipo sindano inapoingia. Haya niliyajua nikiwa tayari na mvi kichwa kizima, mwaka wa 2007, katika maabara ndogo iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru. Nilikuwa nimestaafu ukarani katika ghala la mahindi, na mtu mmoja wa msikitini akaniambia kwamba maabara ile inatafuta mtu mpole wa kutunza wanyama. Nilikwenda siku ya pili, nikapata kazi, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeniuliza kama nilipata kufuga hata kuku.

Kazi yangu nyingine ilikuwa kusomesha watoto Kurani kule mtaa wa Bondeni baada ya swala ya Alasiri. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa nguo mbili. Asubuhi nilivaa koti la kijani la maabara. Kazi ikiisha nilioga kwenye bomba la nyuma, nikavaa kanzu niliyoitundika kwenye msumari ndani ya stoo, maana damu ni najisi na sikutaka tone la sungura liandamane nami hadi kwenye mkeka wa swala. Vijana wa maabara walifurahi sana na mpango huu.

"Mzee akiingia stoo ni mfugaji," walisema, "akitoka ni shehe."

"Sungura wenyewe hawajalalamika," niliwajibu.

Mwaka huo alikuja binti mmoja, mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa upande wa Molo, mtoto wa wakulima wa pareto. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa pareto. Ni lile ua jeupe lenye moyo wa manjano, linalokaushwa na kusagwa kuwa unga wa kuua wadudu. Binti huyu alikuwa na swali moja lililomkaa kichwani tangu utotoni. Baba yake alikuwa akipanda miche, akiipalilia mwaka mzima, kisha maua yakifika kiwandani anaambiwa sumu yake ni hafifu. Ndani ya pareto kuna protini moja inayosaidia kuitengeneza sumu hiyo. Mmea wenye protini nyingi ni mmea mzuri. Yeye alitaka njia ya kuitambua protini hiyo mche ukiwa bado mdogo kama kiganja, ili mkulima asipoteze mwaka.

Njia aliyoichagua ilipitia kwa sungura. Alinieleza siku ya kwanza, tukiwa tumesimama mbele ya vizimba.

"Nitamdunga sungura ile protini, mzee. Mwili wake utaiona kama mgeni asiyealikwa. Utatengeneza kingamwili za kumkamata huyo mgeni. Mimi nitachukua damu kidogo, nipate hizo kingamwili, halafu nizitumie kuitafuta protini kwenye majani."

"Kwa hiyo sungura anakufundishia polisi."

"Polisi wengi. Si wa aina moja. Mwingine anashika protini shingoni, mwingine kiunoni, mwingine mguuni. Wote wamo humo humo kwenye damu, wamechanganyika, na huwezi kuwatenga."

"Kama watoto wangu wa madrasa," nikamwambia. "Kila mmoja ameshika aya yake na wote wanasoma kwa mpigo mmoja."

"Na wewe unasikia nini hapo?"

"Kelele. Lakini anayekosea namjua."

Alicheka, na kuanzia siku hiyo akawa ananiita mwalimu pale watu wengine walipokuwa wakiniita mzee tu.

Ile protini yenyewe alikuwa nayo ndani ya vichupa vichache, kila kimoja kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Ilikuwa imemgharimu mwaka mzima: kuchuma maua, kuyasaga kwenye barafu, kuchuja, kupoteza, kuanza tena. Ilitosha sungura wawili, na akiba yake ikatosha wawili wengine, basi. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha katikati ya mwaka uliofuata. Bila kingamwili hakuna kazi ya kuandika, na bila kuandika hakuna shahada. Aliyasema haya bila kulia wala kujigamba, kama mtu anayekusomea ratiba ya basi.

Alinipa daftari. "Andika kila kitu, mwalimu. Wanachokula, wanachokunywa, wakiumwa, wakipewa dawa."

Nami niliandika. Niliandika majani ya sukumawiki, niliandika maji, niliandika hata choo chao kilikuwaje. Mwandiko wangu ulisifiwa.

Sungura wawili wa kwanza tuliwanunua kwa mkulima wa Njoro. Walikuja na utitiri masikioni, ukoko mtupu, wanajikuna usiku na mchana hata mtu anaona huruma. Mnyama aliye chini ya mkono wako ni amana, nami sikuweza kumtazama mmoja wao anavyotikisa kichwa. Nyumbani nilikuwa na kopo la unga wa pareto, kama ilivyo kila nyumba niliyowahi kuingia huku kwetu. Linakaa rafuni karibu na chumvi na kiberiti. Nilikuja nalo. Nikawapaka masikio, nikawanyunyizia mgongoni, nikanyunyiza na vizimba. Baada ya wiki moja masikio yalikuwa safi kama ya watoto wachanga. Niliendelea kunyunyiza kila Ijumaa, siku yangu ya usafi.

Katika daftari sikuandika neno. Si kwamba nilificha. Dawa, kwangu mimi, ni kitu kinachotoka kwa daktari. Unga wa pareto ulikuwa kama ufagio, na mtu haandiki kwamba leo amefagia.

Kabla ya sindano ya kwanza binti alichukua damu kidogo kwa kila sungura, akayatenga maji yake ya rangi ya manjano, akayagandisha. Hiyo aliiita damu ya kabla. Kisha zikafuata sindano, kila baada ya wiki mbili, chini ya ngozi ya mgongo. Ramadhani ikaingia na kutoka. Nilifunga na kulisha sungura, jambo ambalo lina utamu wake: unamwangalia mwenzio akitafuna karoti saa saba mchana na huna neno naye.

Novemba akachukua damu ya baada, na siku ya kupima ikafika. Aliniruhusu nitazame. Kwanza protini za pareto zilipangwa kwenye karatasi nyeupe laini, kila protini mahali pake kwa ukubwa wake, ingawa kwa macho huoni chochote. Kisha akaichovya karatasi hiyo katika maziwa. Maziwa ya unga kabisa, ya dukani, yale ninayotilia chai.

"Yanaziba nafasi zilizo wazi," alisema, "ili kingamwili zisishike ovyo ovyo."

"Na sukari?"

"Mwalimu, tafadhali."

Karatasi ilikatwa mbili. Moja ikaoga katika damu ya kabla, nyingine katika damu ya baada. Mwisho akamwagia dawa ya kuleta rangi, na tukangoja. Kipande cha baada kilitoa mstari wa zambarau, mahali hasa alipoutaka. Alivuta pumzi. Halafu kipande cha kabla nacho kikaanza kutoa mstari. Mahali pale pale. Na mistari mingine midogo juu yake na chini yake, kama ngazi.

Alikaa kwenye kiti bila kukitazama.

"Haiwezekani," alisema polepole. "Hii ni damu ya kabla ya kuwadunga. Hawajawahi kuiona protini yangu. Inafaa kuwa tupu kabisa."

"Mstari si ndio uliokuwa ukiutaka?"

"Nataka mstari ambao najua umetoka wapi. Kama walikuwa na kingamwili tangu mwanzo, sijui ipi ni yangu na ipi ni ya nini. Nilikwambia zimechanganyika. Hakuna mtahini atakayekubali hii, na mimi mwenyewe siwezi kuikubali." Akajipiga goti. "Ningepima damu ya kabla mapema. Niliiweka mpaka leo ili nisitumie karatasi mara mbili. Mjinga mimi."

Nilikwenda kuswali Adhuhuri. Katikati ya swala nikaliona lile kopo langu, waziwazi, na kidole changu kikiwa kimejaa unga ndani ya sikio la sungura. Nikapotewa na hesabu ya rakaa, ikanibidi nisujudu sijda ya kusahau. Nilipotoa salamu nilibaki nimekaa kwenye mkeka. Hakuna mtu aliyeniona nikinyunyiza. Daftari lilikuwa safi. Binti alikuwa amekwisha kujilaumu mwenyewe. Niseme kweli: ule urahisi wa kunyamaza niliuona, na ulikaa nami kwa muda kama mgeni anayejua njia ya jikoni.

Kisha nikarudi nikamkuta bado kwenye kile kiti.

"Binti yangu, pareto ukiisaga, ile protini yako inabaki ndani ya unga?"

"Inabaki kiasi. Kwa nini?"

"Niliwapaka. Kwa ajili ya utitiri. Masikio yote mawili, na mgongo, na vizimba."

Alinitazama. "Mara moja?"

"Kila Ijumaa."

"Tangu lini, mwalimu?"

"Tangu walipokuja."

Akafunika uso kwa mikono, mabega yakatikisika, nami nikajua nimemliza. Kumbe alikuwa anacheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

"Wamekuwa wakilamba mradi wangu tangu Agosti," alisema. "Kila Ijumaa. Sungura wa Nakuru kweli hawa."

Hakunipigia kelele, na mpaka leo namwombea dua kwa hilo. Aliniambia tu: "Nina akiba ya sungura wawili. Nitafutie wawili ambao hawajaiona pareto maisha yao yote. Hii ni mara ya mwisho, hakuna nyingine."

Nilitoka kifua mbele, nikidhani ni kazi ya siku moja. Nakuru ina sungura wengi. Nilichosahau ni kwamba ina pareto nyingi zaidi. Nilikwenda Bahati, nikaenda Rongai, nikarudi Njoro. Kila mfugaji nilimuuliza swali lile lile na kila mmoja akajibu kwa fahari. Mmoja wa Bahati alinionyesha sungura wanene kama mito ya kulalia.

"Hawa wametunzwa, mzee. Kila wiki pareto."

"Ninatafuta wasiopakwa."

"Wasiopakwa?" Akamgeukia mkewe. "Kuna mzee hapa anataka sungura wa utitiri."

Niliondoka wakiwa bado wanacheka. Wiki mbili zikapita hivyo, nami nikaanza kuona aibu kufika kazini.

Jibu nilikuwa nimelipita mara mia. Katikati ya mji palikuwa na duka la vitambaa la familia ya Kihindi, ambako nimenunua kitambaa cha kanzu zangu tangu ujana wangu. Mwenye duka alikuwa mwana aliyerithi, lakini mama yake mzee alikaa mlangoni kila siku na kiti chake cha kukunja. Siku hiyo niliingia kununua kitambaa, mbu akapita mbele ya uso wa yule mama. Alichukua kipande cha karatasi, akampeperusha kuelekea nje taratibu, kama anayemsindikiza.

Mwanawe akanong'ona, "Hataki dawa ya mbu ndani ya nyumba. Hata ya mende. Sisi tunalala tukiumwa na kila kitu. Uani sasa amejaza sungura, watoto wangu walienda kusoma ng'ambo wakamwachia wawili, sasa ni tisa."

Nikaweka kitambaa chini.

"Mama," nikamwambia yule mzee mwenzangu, "hao sungura wako umewahi kuwapaka pareto?"

"Pareto inaua," alisema. "Kwa nini nipake? Mimi sileti kitu cha kuua nyumbani kwangu."

"Wanakula nini?"

"Tunachokula. Karoti, kabichi, dania. Maganda ya njegere." Akanikazia macho. "Unataka kuwala?"

"Sitaki kuwala."

"Basi unataka nini, mzee?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya masomo ya mtoto wa watu, nikaishia hapo, na lisingekuwa uongo. Lakini nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye kile kimya changu cha mkekani. Nikamweleza yote. Nilimwambia juu ya binti, kichupa, kopo langu na mistari miwili. Nikamwambia kwamba kazi yenyewe ni ya kusaidia watu kupanda pareto iliyo kali zaidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya fimbo yake.

"Ngoja nione kama nimeelewa. Sungura wangu ni safi kwa sababu mimi siui wadudu."

"Ndiyo, mama."

"Na unawataka kwa sababu ya ua la kuua wadudu."

"Ndiyo."

"Na umekuja kuniambia hivyo mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sijauliza."

"Nisingekuambia ningekuwa nimekuibia."

Alimtazama mwanawe, kisha akaanza kucheka, kicheko kirefu cha kifuani. "Nimekaa katika duka hili miaka mingapi? Hakuna mtu amewahi kuniambia ubaya wa kitu kabla ya kukichukua. Wote wanasema baadaye." Alipomaliza kucheka alikuwa na masharti tayari. Sungura hawatoki uani. Hawafi. Damu itoke sikioni tu, kidogo, na yeye mwenyewe awe amewashika. "Na wewe," aliniambia, "usiniletee hiyo pareto yako kwenye nguo."

Binti nilipomwambia alianza kupiga hesabu. Desturi ya kazi ile ni kwamba siku ya mwisho damu yote huchukuliwa, na sungura haamki. Damu yote ya sungura wawili ni vichupa vingi; ya masikioni ni matone.

"Itanichukua muda mrefu," alisema.

"Muda ninao mwingi," nikamwambia. "Nitakuazima."

Desemba tukaanza. Kwanza alipima damu ya kabla, mapema safari hii, na karatasi ikatoka nyeupe tupu. Aliinua juu ya taa akaizungusha, akanionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto. Sindano ya kwanza tuliifanyia uani, juu ya meza ya jikoni iliyotandikwa plastiki. Yule mama alimshika sungura kifuani na kumwimbia kwa lugha yao. Mimi nilikuja na kanzu. Kanzu ile niliyokuwa nikiikinga na damu, sasa nikawa naikinga na pareto: niliifua peke yake, niliianika peke yake, na lile kopo nikampa jirani. Daftarini nikaandika yote. Dania, njegere, wimbo.

Sindano ya pili tuliitoa siku chache kabla ya uchaguzi. Binti akaenda Molo kwa Krismasi, na sindano ya tatu ilikuwa iwe wiki ya kwanza ya Januari.

Waliokuwa Nakuru Januari ile hawahitaji nieleze, na wasiokuwepo sitaweza kuwaeleza vizuri. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa watu waligeukiana, wengine wakafukuzwa makwao, na maabara ikafungwa. Maduka yalifungwa. Binti alinipigia simu mara moja kutoka njiani. Walikuwa wameliacha shamba wakiwa na nguo na redio, na baadaye nikasikia wamefika kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Soko halikuwa na mboga. Nikawafikiria wale sungura wawili uani, na yule mama nyuma ya milango ya chuma.

Msikiti wetu ulikuwa na kiwanja kidogo chenye nyasi ndefu zisizopata dawa yoyote. Nikawa nazikata kwa mundu asubuhi, nikatia gunia, na mchana pakitulia natembea kwenda mjini. Siku moja vijana walikuwa wameweka mawe barabarani.

"Mzee, gunia hilo lina nini?"

"Nyasi."

"Za ng'ombe wa wapi hapa town?"

"Za sungura."

Mmoja akafungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa, akatoa nyasi. "Ni nyasi kweli."

"Mzee, watu wanakimbia, wewe unalisha sungura?"

"Nao hawajaambiwa kuna nini," nikajibu.

Yule mkubwa wao aliniangalia kwa muda, nami moyoni nilikuwa nikisoma nilichokijua. Kisha akasema, "Mwacheni apite. Huyu ana mambo yake." Siku ya pili waliniita "mzee wa sungura" na wakanifungulia njia bila kupekua. Ninamshukuru Mungu kwa jina hilo. Yako majina mengine ambayo watu walipewa siku zile.

Yule mama alinifungulia mlango wa uani. Tuliwagawia sungura nyasi, tukaketi. "Ile sindano yao imepita siku," alisema. Alikuwa anahesabu kuliko mimi.

Ilipita siku, ikapita wiki, zikafika tano badala ya mbili. Nilimkuta binti uwanjani mwisho wa mwezi, akipanga foleni ya maji. Jambo la kwanza aliloniuliza baada ya salamu ni kama sungura wako hai. Jambo la pili, kama friza ya maabara, mlimokuwa protini yake, haikuzimika. Mlinzi wa kule alikuwa ameniambia kwamba kila asubuhi alikwenda kuangalia ile taa nyekundu, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia aache.

"Lakini ratiba imevunjika, mwalimu. Huenda miili yao imeshasahau. Nikiwadunga sasa ni sawa na kuanza upya, na protini ya kuanza upya sina."

"Basi wadunge, tuone wanakumbuka nini."

Februari akawadunga. Yule mama alimwangalia mikono, akamwangalia viatu, akamuuliza alikuwa analala wapi. Hakungoja jibu. Kuanzia siku hiyo binti alikula mchana wake uani, na chumba cha nyuma, kilichokuwa cha wajukuu, kikapata mtu.

Baada ya siku kumi tukachukua damu, matone kutoka sikio la kushoto la kila mmoja, yule mama akiwa amekunja uso kama anayetobolewa yeye. Tukarudi maabara. Karatasi, maziwa, kungoja. Niliisoma Fatiha mara saba bila kutikisa midomo, ili nisimtie wasiwasi.

Kipande cha baada kikatoa mstari mmoja. Mmoja tu, mnene, mweusi karibu, kama umechorwa kwa rula. Kipande cha kabla tulikitazama mpaka macho yakauma, na hakikutoa kitu. Akaizimua damu hata ikabaki sehemu moja kwa elfu, na mstari ukaja tena. Msimamizi wake wa masomo alisema baadaye kwamba huenda yale mapumziko marefu ndiyo yaliyowasaidia. Mwili ukipewa nafasi huchagua kingamwili zinazoshika zaidi. Binti alinitafsiria, akaongeza, "Usiseme chochote, mwalimu. Nakuona unavyotabasamu."

Sikusema. Tuliendelea kuchukua matone yetu kila baada ya wiki tatu hadi mvua za masika zikaisha, na vichupa vikatosha. Akaandika, akatetea, akapata. Miche ya kwanza aliyoipima ilitoka kwenye shamba la baba yake, ambaye alikuwa amerudi kupanda.

Lakini kabla ya hayo, jioni ile ile ya mstari, tuliviweka vile vipande viwili ndani ya bahasha tukaenda navyo dukani. Yule mama alivaa miwani. Akautazama mstari, akatikisa kichwa kwa heshima, lakini hakukaa nao. Akachukua kile kipande kingine, akakisogeza karibu na mwanga wa mlango, akakigeuza.

"Huku hakuna kitu," alisema.

"Hao ndio sungura wako, mama," binti akamwambia. "Kabla hatujawagusa."

Alikishika kwa muda mrefu. "Kwa hiyo mji mzima mlizunguka mkitafuta kitu kisichokuwapo, mkaja kukipata kwangu."

"Ndivyo ilivyokuwa," nikasema.

Mbu akapita. Alimsindikiza nje kwa ile karatasi nyeupe, taratibu, kisha akaturudishia, akamwita mwanawe alete chai.